Vyungu vya Dada

Hakuwa na rafu, hakuwa na mizani isiyogombanisha watu, hakuwa na kufuli la maana, wala mke wa kumwambia kwamba ubao wa duka umepinda. Kaunta yake ilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya mapipa. Hata jina la duka lilimpiga chenga, mwisho akaandika tu: VITU VYA HAPA. Alichokuwa nacho mzee yule ni dada, na dada huyo alikuwa mfinyanzi.

Aliuza asali, mikeka, sabuni za kukatwa kwa kisu. Lakini watu walifuata vyungu. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kilimwita Dada, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Kwa hiyo mzee alipobandika karatasi ukutani, VYUNGU VYA DADA, hakuna aliyeuliza dada yupi. Chema chajiuza, vyungu havikukaa.

Mvua zikaingia. Udongo ukagoma kukauka, kuni zikatoa moshi badala ya moto, na Dada akasema kazi isimame mpaka jua lirudi. Mzee akalalamika kwamba wateja hawasubiri. Dada akamcheka, akamwambia njaa ndiyo haisubiri, chungu kinasubiri.

Siku chache baadaye lori la vyungu likakwama kwenye tope mbele ya duka, na juu ya shehena amekaa mwanamke mwenye vyungu hivyo.

"Shuka ujikinge mvua, dada," mzee akamwambia, kama anavyoitwa mwanamke yeyote njiani.

Neno likamkaa kichwani. Kwani huyu naye si dada? Akanunua vyungu vya lorini, akavipanga chini ya karatasi ileile, akajiambia kwamba hajaandika uongo. Neno ni pana, kila mwanamke anaenea humo.

Vyungu vikapasuka. Cha mwalimu kilipasuka jikoni, maharage yakazima moto. Cha fundi cherehani kilitoka kitako wageni wakitazama. Wenye hasara hawakwenda dukani, walikwenda kwa Dada, kwanza kwa adabu, halafu kwa utani wenye miiba.

"Dada," fundi cherehani akamwuliza barazani kwake, "siku hizi unafinyanga vyungu au unaoka biskuti?"

Watu wakacheka. Mzee alikuwepo. Naye akacheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Dada aliomba aletewe vigae avione, lakini vilikwisha kumwagwa njiani kuziba madimbwi. Akaamini kwamba ni vile vyake vya mwisho, alivyovichoma harakaharaka mawingu yakikusanyika. Watu walipoondoka alimshika mzee mkono.

"Mdogo wangu, unisamehe. Nimekuharibia duka. Mikono imezeeka bila kuniaga."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema neno moja tu. Badala yake mzee akajibu, "Yamepita, Dada. Nimekusamehe."

Kabla mvua hazijaisha, Dada aligawa vifaa vyake kwa majirani, akaenda mjini kwa bintiye. Binti alipopiga simu alisema mama hashiki chochote, hata kikombe anaogopa kitamponyoka. Mzee alitaka kusema kweli. Akasema mvua zimepungua.

Duka likawa linamsuta. Kila aliyeingia akamsikitikia mzee kwa dada aliyechoka, na kila pole aliyopokea ilikuwa kama mali ya wizi. Asubuhi moja hakufungua. Alikwenda kwa fundi cherehani, akamweleza yote, lori na karatasi na neno lile pana. Fundi akasimamisha mashine.

"Na ulicheka na sisi," akasema.

Mzee akarudi nyumbani, akachukua kalamu. Dada hakujua kusoma. Barua ingesomwa kwa sauti na yule binti, mpwa wa mzee, aliyekuwa akimsifia mjomba kwa watoto wake. Kwa ajili ya masikio hayo aliandika kwanza kwamba palitokea mkanganyiko wa bidhaa. Akausoma mkanganyiko wake, akauchana. Akaanza upya:

"Dada yangu, mtoto wa mama yangu. Vyungu vilivyopasuka havikuwa vyako. Nilivinunua kwenye lori nikavipa jina lako. Mikono yako haina kosa lolote. Uliponiomba msamaha, mimi mwenye kosa nikakusamehe. Hilo linanitesa kuliko vyungu. Fundi nimemwambia, na wengine nitawaambia leo mmoja mmoja."

Alitaka kuongeza kwamba duka linamhitaji, arudi. Akaona huko ni kuomba tena, akaiacha kalamu.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu. Akakoroga unga na maji, akapaka, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akavaa koti, akaenda posta kwa miguu, akaisukuma barua kwenye tundu la sanduku mpaka akaisikia inaanguka.