Nimeridhika, Nesi

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniambia gauni limemkaa vizuri huku bado kasimama mbele ya kioo changu, simwamini. Namwamini akirudi na kitambaa kingine.

Hospitalini kwetu hilo hawalijui. Mdogo wangu alilazwa kwa sababu alimeza vidonge vya kutoa mimba na damu ikagoma kukatika. Kwa nini aliitoa, alinieleza nami nikamwelewa, asiyeambiwa asijisumbue. Wakamsafisha, wakayaokoa maisha yake, na kwa hilo nawashukuru mpaka kesho. Asubuhi akaja nesi mkuu wa wodi, mama mnene mwenye miwani inayomteremka puani, akamuuliza mbele ya wagonjwa wote kama ameridhika na huduma. Ndio utaratibu wao: anayekuuliza ndiye aliyekuhudumia, na karatasi ya ruhusa kaishika mkononi.

"Nimeridhika, nesi," mdogo wangu akajibu. Viatu alishavaa zamani.

Hazikupita siku nyingi, homa ikampanda. Nilimgusa shingo, inachoma. Nikachukua mkoba, nikamwambia twende hospitali. Akageukia ukutani, akasema ni bora afie pale pale kitandani. Nikamwambia aache utani wa makaburini. Kumbe hatanii, analia.

Ndipo aliponieleza. Dawa ya ganzi haikutosha, na alipopiga kelele akaulizwa mbona siku ya kuitafuta hiyo mimba hakupiga kelele. Baadaye nesi huyo wa miwani alisimama mlangoni akatangaza kwamba wale wa kutoa wakae benchi lile, na benchi lenyewe linatazamana na akina mama wenye vichanga. Hakuna aliyemtukana, alisema. Ila mmoja alimfunika mwanawe uso.

Nilikasirika hata mkoba ukanitoka mkononi. Lakini hasira haishushi homa. Nikambembeleza, nikamtisha, haikusaidia. Mwisho nikamwambia wakimkalisha kwenye benchi lile, nami nitakaa naye, na atakayetutazama nitamtazama zaidi. Akacheka kidogo, akaomba nguo zake.

Tulimkuta nesi yule yule. Alipandisha miwani, akashangaa kweli.

"Si uliniambia umeridhika?"

Nilishafungua mdomo, na maneno niliyokuwa nimeyapanga hayakuwa ya kanisani wala ya msikitini. Mdogo wangu akanitangulia kwa sauti ya chini.

"Ningesema nini, mama? Ruhusa yangu ulikuwa umeishika wewe."

Nilingoja nesi atufokee, maana wenye vyeo nawajua. Badala yake alimshika mkono, akampeleka chumba cha pembeni na kuvuta pazia. Dawa ya maumivu ilitangulia safari hii, na kila alichotaka kufanya alimweleza kwanza, kisha akangoja aambiwe "haya". Nilisikia yote kwa sababu sikio langu lilikuwa limegusa pazia. Umbea nao ni kipaji. Kulikuwa na mabaki ndani, ndiyo yaliyoleta homa. Kama tungechelewa, nesi alisema, tungezungumza mengine.

Tulipotoka, benchi lilikuwa pale pale, na wanawake wawili wamekaa wanatazama vidole vya miguu yao. Nesi alilitazama kwa muda. Kisha akamsogelea mmoja, akainama, akamwambia jambo ambalo hata mimi sikulisikia. Mdogo wangu, nesi hakumuuliza chochote kuhusu kuridhika. Alimwambia tu arudi wiki inayofuata aangaliwe tena.

Wiki nzima nilikuwa najiandaa kwa vita vya pili. Siku ilipofika nikafunika cherehani mapema, nikaanza kutafuta mkoba. Mdogo wangu nilimkuta mlangoni, kaoga, kajipaka mafuta, mkoba wangu kaupachika begani kwake.

"Wewe kaa ushone, dada," akasema. "Njia naijua."

Nikakaa. Uzi haukukubali kuingia kwenye sindano mpaka machozi yaliponikauka.