Kiti cha Tatu Posta ya Zamani

Bibi alikuwa hajatia mguu kwenye posta ya zamani tangu astaafu, miaka ishirini na sita nyuma. Sasa jengo limegeuzwa makumbusho, na mjukuu wake, muuguzi aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, alimshika mkono wakapanda ngazi za mawe zilizolika katikati.

"Polepole, Bibi."

"Polepole ya nini? Hizi nilikuwa nazipanda mbilimbili, nimechelewa zamu."

Ghorofani, kijana mtembeza wageni alikuwa amekusanya watu mbele ya meza ndefu yenye matundu na nyaya tele. "Huu," akasema, "ndio uliokuwa mtambo wa umeme wa jengo zima."

Uvumilivu ukamshinda Bibi. "Umeme wapi, mwanangu! Hapo tulikuwa tunaunganisha simu za mji mzima. Mimi nilikaa kiti kile cha tatu."

Kijana alitahayari, kisha akacheka na kufungua kamba ya kuzuia wageni. "Basi karibu kitini, Bibi. Tufundishe."

Bibi akaketi. Mikono ikafanya kazi yenyewe: akavuta waya, akauchomeka, akanyoosha shingo, akatoa ile sauti yake ya kazini. "Namba, tafadhali?"

Nyuma ya kundi, mzee mwenye mkongojo akadakia papo hapo: "Niunganishe na stesheni ya reli, dada, niulize kama vitabu vyangu vimefika."

Bibi akageuka kitini. Maneno hayo aliyasikia kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja, lakini uso wa msemaji hakuwahi kuuona.

"Mwenye duka la vitabu!" akapiga ukelele. "Wewe uliyekuwa unanikatia simu sijamaliza kusema asante!"

"Na wewe uliyekuwa unasikiliza ya watu! Hospitali waliponipigia kwamba mke wangu kajifungua, ulisema 'Hongera!' mimi sijafungua mdomo."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mjukuu alicheka hadi machozi. Hakujua kabisa kwamba bibi yake ni mbea wa kuajiriwa.

"Mtoto yule hajambo?" Bibi akauliza, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Hajambo, sasa ana watoto wanne. Sogea nikae, nikuhesabie mmoja mmoja."

Kijana akamletea mzee kiti cha pili, na yeye mwenyewe akaketi sakafuni kusikiliza.