Jukwaa la Ain Rihana

Siku walipoanza kubomoa jukwaa la stesheni yetu, baba aliniomba nimpeleke akaone. Akaone nini, na macho yake hayaoni tena? Lakini baba yangu, Mongi, alikuwa mkuu wa stesheni ya Ain Rihana miaka thelathini na moja. Mtu kama huyo humbishii mambo ya reli.

Tukasimama kwenye uzio, amenishika mkono. Mashine zilikuwa zinatafuna saruji, vumbi limetujaa kooni.

"Wamefika wapi?"

"Kwenye saa, baba. Wameshaing'oa."

Fundi mmoja akatupigia kelele: "Mzee, sogea! Treni haiji hapa mpaka baada ya miaka miwili!"

"Nyamaza wewe! Nimepitisha treni hapa kabla mama yako hajajua kutembea."

Mafundi wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Akanigeukia.

"Beya, alisimama pale pale, chini ya saa. Mama yako."

Nilikuwa na miaka tisa mama alipoondoka. Nyumbani kwetu, juu ya ukumbi wa tiketi, jambo hilo halikutajwa. Nilikua nikiamini alitoroka, na kwamba hakuna aliyemwona.

"Alikuwa na sanduku la kahawia," baba akaendelea. "Akapanda behewa la pili, treni ya asubuhi ya kwenda Tunis. Akaniangalia dirishani. Nikainua bendera, treni ikaondoka."

"Ulimwona, ukamwacha?"

"Treni ilijaa watu wa kazi, binti yangu. Na ilishachelewa dakika nne. Nilidhani angerudi na ya jioni. Za jioni nimezipokea zote mpaka nikastaafu."

Nikamwachia mkono, nikaenda zangu. Nilifika kwenye duka la mikate ndipo nikakumbuka hawezi kurudi peke yake. Niliporudi nilimkuta palepale, ameshika uzio kwa mikono miwili.

Wiki tatu nilimtengea chakula bila neno. "Supu imekosa chumvi," alikuwa akisema, ili tu nimjibu. Chumvi ilikuwemo.

Miaka miwili ikapita. Stesheni ikafunguliwa: paa jipya, jukwaa refu, treni za umeme zinazofunga milango zenyewe. Hakuna tena mtu wa bendera. Nilimkalisha baba kwenye benchi nikamwomba tupande pamoja.

"Haina hata mlio," akanung'unika. "Itakuja kumgonga mtu. Nenda wewe. Mimi nimezoea kubaki."

Nikamwacha na jirani yetu Naziha, nikaenda Tunis. Mjini sikuwa na shughuli yoyote. Nilikaa mkahawani mbele ya stesheni kuu, nikimtazama kila mwanamke wa miaka themanini hivi aliyepita, umri wa mama sasa. Ningemjuaje? Nilichokumbuka ni mikono yake tu, inayonukia maji ya maua ya mchungwa. Kahawa ikapoa mezani.

Nikarudi na treni ya jioni. Baba alikuwa bado benchini. Naziha alisema amekataa katakata kuondoka. Watu wakashuka wengi. Nikasimama mbele yake kimya, nione kama atanitambua.

Akainua uso.

"Shedlia?"

Hilo lilikuwa jina la mama. Sikuwahi kulisikia kinywani mwa baba tangu utotoni.

"Ni mimi, baba. Beya."

"Najua ni wewe," akasema. "Nilitaka tu kulitamka."

Nikaketi kando yake. Tulikaa mpaka watu wote wakatawanyika, ndipo tukaenda nyumbani.