Pua ya Bi Mwatum

Msimu wa karafuu wa mwaka 1936, Bi Mwatum aliamka, akajipaka haludi, manukato yake ya siku zote, asisikie harufu yoyote. Akaongeza tone. Akaongeza la pili. Kufika mwisho wa mwezi alikuwa akijimiminia nusu chupa, kuku wake wamehamia kwa jirani, na pua yake kimya.

Lililomuuma si pua. Mumewe, Mzee Msellem, ambaye macho yake yalikwisha ingia ukungu, hakuwa amemsifu mwaka mzima. Kama na harufu imekwenda, amebakiwa na nini cha kupendwa nacho?

Akaenda kwa Tayabali mwenye duka.

"Umeniuzia maji."

Tayabali akapiga chafya tatu, akarudi nyuma mpaka kwenye magunia ya mchele. "Bi Mwatum, wateja wangu wanakusikia ungali kisimani."

"Mbona mie sijisikii?"

Tayabali akamwonyesha majamvi ya karafuu yaliyoanikwa njia nzima. "Na karafuu je, unazisikia?"

Bi Mwatum akanusa. Hakuzisikia.

"Niliposhuka melini kutoka Kachi, Bara Hindi, zilinipasua kichwa. Sasa hata mie sizisikii. Pua ikishazoea haileti tena habari. Ipumzishe siku tatu, mbali na chupa hiyo."

Akaenda Vitongoji kwa dada yake, Mwanawema, aliyekuwa akifukua makumbi ya nazi yaliyozikwa pwani miezi mingi, ayapige apate nyuzi za kamba. Uvundo wake ungemfukuza jini. Bi Mwatum alifukua na kupiga siku tatu.

Aliporudi, Tayabali alimsimamisha njiani.

"Mchukue mumeo. Juzi na jana kaingia kwangu, mpaka penye chupa za haludi, kavua kofia, kaitisha uji. Shirinbai, mke wangu, kampa."

"Kasema nini?"

"Eti nyumba yake imehama."

Bi Mwatum alikwenda mbio nyumbani, akaoga mara mbili, akajipaka tone moja nyuma ya sikio. Likampanda puani, jipya kama siku ya harusi yake. Akakaa barazani, asiseme neno.

Alasiri Msellem akaja na bakora yake. Akapita duka, akapita mlango wa jirani. Akasimama, akanyanyua pua.

"Umerudi," alisema, akavua kofia. "Lakini ulizidisha, mke wangu. Mwezi mzima nadhani nimefika nami bado niko kisimani, navua kofia mbele ya wake za watu."

"Na mbona hukunisifu mwaka mzima?"

Msellem akaketi kando yake, kofia mkononi.

"Kwani sikuwa nikija kila siku?"