Aliyewalisha Mbweha

Clive Tranter alikuwa amejaribu kila kitu kuwafukuza mbweha. Aliziba uwazi chini ya kibanda cha bustani, akafunga mapipa ya taka kwa kamba, akamwaga dawa yenye harufu ya kukata pua. Bado kila asubuhi alikuta mashimo chini ya mawaridi yake, maua aliyojivunia kuliko kitu chochote katika mtaa ule wa pembezoni mwa Bristol.

Ndipo akatafuta wa kumlaumu. Siku majirani walipotoa meza barabarani ili wale pamoja, alimgeukia Bi Oddy, mjane wa nyumba ya pili, aliyezoea kuwawekea kalunguyeye, vijinyama vya miiba, sahani ya chakula nje.

"Mbweha watahamaje na mpishi wao yuko hapa hapa?" alisema kwa sauti kubwa. "Leo umewapikia nini, Bi Oddy?"

Watu wakaangua kicheko. Bi Oddy akaiacha keki yake mezani, akaenda zake. Tangu hapo hakuweka sahani tena, wala hakuitikia salamu ya Clive.

Mashimo yakazidi.

Jumapili moja Hazel, binti wa Clive, alikuja kumsaidia kupalilia. Akachota udongo, akaunusa. "Baba, umetia nini humu?"

"Mbolea tu. Damu kavu na mifupa ya kusaga."

"Mifupa? Unawaandalia mbweha karamu, halafu unawafukuza!" Alicheka, kisha akamgeukia. "Si ulimsema yule mama jirani mbele za watu?"

Uso wa Clive ukawaka kama aliyepigwa kofi. Kwa muda alitamani Hazel asingekuja kabisa. Halafu akanawa mikono, akaenda kubisha mlango wa jirani taratibu.

"Bi Oddy," akanong'ona, "ilikuwa mbolea yangu. Nisamehe."

Bi Oddy akamtazama juu hadi chini. "Kunisema ulinisema barabarani. Msamaha mbona unauleta mlangoni, tena kwa kunong'ona?"

Nje, majirani wao Bwana Pugh na mkewe walikuwa wakiosha gari. Clive akashuka mpaka kando ya barabara.

"Jamani!" akaita. "Bi Oddy hakuwalisha mbweha. Niliwalisha mimi, kwa mbolea yangu ya mifupa."

Bwana Pugh akafunga maji. Mtu akacheka dirishani.

"Ongeza sauti, Clive," Bi Oddy akasema nyuma yake, mikono kifuani. "Walio mwisho wa barabara hawajasikia, na wao pia walicheka."

Clive akaanza kuelekea mwisho wa barabara.