Uzi Uliolalia Kushoto

...lakini uzi huu umelalia kushoto, ndilo jambo linalomzuia Mukeshimana kusema ndiyo, vingine vyote vimepita, amebana kifua cha koti kwa vidole viwili akasikia kile kitambaa kigumu cha katikati kikiteleza peke yake, hakikubandikwa kwa gundi kama kwenye makoti yanayovimba yakifuliwa mara moja, amegusisha kifungo shavuni kikawa baridi, pembe ya ng'ombe hiyo, plastiki haiwi baridi hivyo, matundu ya vifungo mikononi yameshonwa kwa mkono na yanafunguka kweli, mistari ya mfuko imekutana na mistari ya koti bila kukosana hata unywele, na ndani, juu ya mfuko wa moyoni, iko lebo nyeusi yenye jina la Kiitaliano kwa herufi za dhahabu, na lebo hiyo imeshonewa kwa uzi uliolalia kushoto, wakati mishono ya mafundi hulalia kulia... "Mama Orijino, sema basi," anasema mteja wake, Karangwa, mzee wa biashara aliyerudi kutoka Uganda, simu iko sikioni, "hii koti ni orijino ao ni copy? Mi naamini we tu," kisha anamrudia mkewe kwenye simu, wait, wait, nakuja, na Mukeshimana anajua haraka yake inatoka wapi, maana ameisimulia mara mbili tangu aingie kibandani, Jumamosi anakwenda kumposea mwanawe, na shemeji yake wa Kampala atakuwepo, yule yule aliyemfunua koti mbele ya wageni mwaka jana, akasoma lebo kwa sauti, akacheka kwamba ni feki... na ni kweli, soko zima la Gisenyi linamwita Mama Orijino, miaka kumi na miwili ya caguwa, ya kuuza mitumba, hajawahi kumwambia mtu ndiyo pahali pa hapana, hata ofisa wa polisi aliyekuja kujisifia koti lake alimjibu afande, pole, walikudanganya, na jina hilo ndilo duka lake, bila hilo ana nguo za mitumba tu kama kila mtu... "Sema oui, we!" ananong'ona Nasrine, jirani yake anayeuza viatu, "mutu iko na pesa mukononi, unapimapima nini?" lakini kucha yake imeshainua pembe ya lebo, na chini yake, midogo kama chawa, mishono miwili imepishana msalaba.

Msalaba huo ni wake. Aliuweka mwenyewe, kwa hasira, akiwa na miaka kumi na tisa, akivuka mpaka kila asubuhi kutoka kwao Mudende, kwenye mashamba ya viazi, kwenda Goma kwa fundi Gakwaya, akikata yeye, akishona yeye, huku Gakwaya akiwa mlangoni na chupa ya bia akipokea sifa, na siku alipomaliza koti hili, wiki mbili, vifungo vimetolewa kwenye koti kuukuu la padri marehemu, aliuliza tutaandika nini ndani, Gakwaya akacheka mpaka akakohoa, "Bon, we umeshona muzuri, lakini nani atavaa koti ya mutoto wa viazi wa Mudende?" akafungua kopo la maziwa lililojaa majina ya Wazungu kwenye vitambaa vya lebo, akachagua moja, akamtupia... akalishona, ndiyo, alilishona, njaa ilikuwepo, lakini akalishona kwa mkono wa kushoto, mkono ule alioufunga mama yake kwa kipande cha kitenge ili ajifunze kula kama watu, mkono aliouchapa mwalimu kwa rula mpaka ukavimba, na wote waliokuwa wakiukanya walivaa alichoshona bila kujua, miaka minane baadaye Gakwaya akafunga karakana, cherehani ikauzwa, na tangu siku hiyo kazi yake imekuwa kuhukumu mikono ya watu wengine, hii ya kweli, hii ya uongo, hii ya kweli, na leo hukumu imemrudia mwenyewe, koti limezunguka Goma kwa miaka ishirini, sijui kabati gani na mabega gani, likavuka mpaka ndani ya kifurushi chake alichokifungua asubuhi... "Mama?" Sasa aseme hapana, feki, alikunje, aibu imezikwa, hakuna atakayejua... au aseme ndiyo, na Jumamosi shemeji afunue, asome, aamini, amcheke nani?... lakini ngoja, feki ni nini hapa, ebu aonyeshwe, bega halijaanguka, kola haijakunjamana, miaka ishirini na koti limesimama kama siku lilipotoka kwenye sindano, kilichooza ni kile kitambaa cha herufi za dhahabu peke yake, koti zima linasema kweli na lebo ndiyo inayodanganya, na amekuwa mjinga, amekuwa mjinga hasa, kuogopa kitambaa cha vidole viwili! Watu wanaidharau caguwa, mabaki ya Wazungu, wanasema, na neno lenyewe linawaambia chagua, na yeye miaka yote hii amechagua vya wengine, vya wengine, vya wengine, basi leo anachagua chake, Gakwaya na acheke huko aliko, ana hasira na hasira hiyo inampa raha, mkono wake wa kushoto umeshaufikia wembe kwenye mkebe wa vifungo, atakata ile lebo mbele ya macho ya mteja, uzi kwa uzi, na Karangwa akitaka kuondoka aondoke, koti litatundikwa hapa mlangoni bila jina la mtu mpaka aje mwenye macho, na akibaki, basi Jumamosi shemeji wa Kampala afunue tu, asome, akute patupu, ashike bega, atafute kosa mpaka kesho yake... "Ebu jibu mutu, dada," anasema Nasrine, "oui ao non?" Karangwa ameishusha simu, bado ameshika mkono wa koti, bado anangoja, na Mukeshimana anainua uso. Orijino, atamwambia, na akiuliza ya nani, atamwonyesha mkono, huu wa kushoto.