Mtama Usiosafiri

Katika nchi ya Kujidharau ardhi ilikuwa na rutuba, mvua ilikuwa karimu na wakulima walikuwa hodari. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilitungiwa sheria. Mtama wote uliovunwa ulipelekwa ng'ambo ya mto, katika nchi ya Kunufaika, ukasagwa huko, ukatiwa katika mifuko yenye picha ya simba, kisha ukarejeshwa kuuzwa kwa wale wale walioulima, kwa bei ya kutoa machozi. Wenyewe waliuita mzunguko huo uchumi. Mifuko mitupu ilitundikwa sebuleni kwa fahari, na hakuna posa iliyojibiwa kabla wazazi wa binti hawajaikagua mifuko ya mchumba. Aliyethubutu kula nafaka isiyosafiri alinyang'anywa shamba.

Mwaka mmoja mafuriko yalizoa daraja. Maghala ya Kujidharau yalijaa mtama hadi milangoni, na watu wakalala njaa kando yake kwa utulivu na adabu, wakingoja daraja. Stahamili, mjane mwenye shamba moja na binti mmoja, alijitahidi kuwa na adabu kama wenzake. Lakini Tunu, bintiye, alipoishiwa hata nguvu za kulia, mama huyo alijifungia jikoni, akasaga mtama wake juu ya jiwe, akampikia mtoto uji. Harufu haina siri. Bakuli lilipokwisha tu, askari walikuwa mlangoni.

Kesi ilisikilizwa kesho yake mbele ya Kadhi Mizani na wazee wa baraza. Mshtaki alikuwa Waziri Fahari, msimamizi wa biashara ya nafaka, mtu mwenye ufasaha mwingi na, siku hizo, mkanda uliokazwa hadi tundu la mwisho.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema, "utajiri wa taifa letu umo katika safari ya mtama. Mwanamke huyu ameikatiza safari hiyo jikoni kwake. Isitoshe, mtama usiovuka mto ni sumu, kama ajuavyo kila mtu aliyesoma."

"Bi Stahamili, una la kusema?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Mwanangu aliinywa sumu hiyo jana, na leo amekuja hapa kwa miguu yake. Tangu nikamatwe hajala. Naomba ruhusa nimpikie tena. Na shamba mkilichukua, nitamlisha nini?"

Kadhi akaamuru unga uliokamatwa uletwe pamoja na jiwe lililousaga, upikwe papo hapo, ili sumu ionekane. Ugali ulipoiva, wazee walianza kumeza mate kwa heshima. Kadhi alionja kwa ajili ya ushahidi. Akaonja tena ili asimdhulumu mtu. Wazee wakamsaidia kuitafuta haki. Fahari alipinga kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ndogo, kisha akawa na tonge mdomoni.

"Waziri, unaionaje sumu?"

Fahari alimeza kwanza. "Inahitaji uchunguzi zaidi," akasema, akanyoosha mkono.

"Shamba ni la Bi Stahamili," Kadhi akahukumu, "na sheria hii imekufa leo."

Watu wakashangilia. Stahamili peke yake hakushangilia. Alikuwa akikitazama chungu kilichokombwa hadi kung'aa, na machozi yakimlengalenga.

"Nashukuru kwa haki, Mheshimiwa," alisema. "Lakini huo mliokula ulikuwa wa Tunu."

Kadhi aliona haya, na haya zile zilikuwa za kweli. Akamwamuru Waziri akafungue maghala. Kisha akavua joho, akakunja mikono ya kanzu, akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akamwomba mshtakiwa amwonyeshe jinsi ya kulishika.